Doa la Njano

Mgeni aliingia kwenye ngitili, malisho ya akiba ya Mzee Ndaki, asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, amebeba miguu mitatu ya mbao mgongoni na sanduku mkononi. Zipora alimwona kutoka kwenye lambo, akaacha ndoo zake.

Hakuna aliyeingia kwenye nyasi zile. Baba yake, Ndaki, alizifunga tangu mvua za mwisho, zikakua mpaka kifuani, zikageuka rangi ya asali, na zingekaa vivyo hivyo bila kuguswa na ng'ombe wala mundu mpaka kiangazi kikaze. Wakati ambapo kijiji kizima kisingekuwa na jani, ndipo mifugo ya Ndaki ingeingia humo, ndama kwanza na majike dhaifu. Ada ya chuo cha ualimu alichosoma Zipora ilitoka kwenye nyasi hizo.

"We kaka," aliita. "Humo hamuingiwi."

Mgeni aligeuka. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia pana, na suruali yake ilijaa madoa kama ya fundi wa kupaka nyumba.

"Samahani, dada. Sikuona uzio."

"Hakuna uzio. Kila mtu anajua."

"Mimi sikujua. Ndiyo kwanza nafika."

"Sasa umejua. Toka."

Akatoka. Lakini hakutoka kama watu wanavyotoka. Alirudi kinyumenyume, polepole, akikanyaga palepale alipokuwa amekanyaga mwanzo, asije akavunja nyasi nyingine. Zipora, ambaye alikwisha kujiandaa kugomba, alijikuta hana la kugombea.

"Unapima nini?" aliuliza, maana katika vijiji vya huku Nyarugusu mtu mwenye miguu mitatu ya mbao alikuwa mpimaji wa madini, na mpimaji hakuwa mtu wa kukaribishwa uji.

"Sipimi. Nachora. Nataka lile jiwe kubwa, na nyasi zilizo chini yake, na kile kivuli cha zambarau."

Zipora alicheka. Alikuwa amechunga ndama chini ya jiwe lile tangu utotoni. "Kivuli ni cheusi, kaka. Hata mtoto anajua."

"Kaa hapa ukingoni. Utazame mpaka uchoke, halafu uniambie."

Hakuwa na sababu ya kukaa. Maji yalikuwa yanasubiriwa nyumbani. Akakaa. Mwanzo kivuli kilikuwa cheusi. Jua lilipopanda kidogo, aliona kwamba ndani ya weusi ule mlikuwa na buluu, na pembeni, pale kilipogusana na nyasi, palikuwa na zambarau kabisa, kama ganda la kitunguu.

"Umekiona," mgeni alisema. Hakuwa analitazama jiwe. Alikuwa anamtazama yeye.

Zipora aliinuka haraka, akachukua ndoo zake, na njia nzima maji yalimwagika miguuni asiyahisi.

*

Jina lake lilikuwa Nuruddin, wa Ibadakuli, Shinyanga mjini. Baba yake aliuza vitenge, na alikuwa akiwaambia wateja kwamba mwanawe amesoma chuo kikuu ili ajue kuchafua nguo.

Jioni ile alikwenda kwa Mzee Ndaki kuomba ruhusa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekutuma?"

"Hakuna, mzee."

"Nani atakulipa?"

"Bado sijui."

"Kwa hiyo umetoka Shinyanga mpaka hapa, umekuja kulitazama jiwe langu bure."

"Ndiyo, mzee."

Ndaki alimgeukia mkewe. "Huyu mtoto ana njaa. Mpe michembe ya viazi." Kisha akasema, "Simama ukingoni. Unyasi mmoja ukivunjika, utaula wewe."

Akapanga chumba kwenye senta ya jirani, akawa anakuja kila siku kwa bodaboda. Zipora alikuwa anasubiri barua ya ajira, na kusubiri kulikuwa kumemchosha. Alizoea kumaliza kazi mapema ili akakae karibu na ile miguu mitatu ya mbao. Alijifunza harufu ya tapentaini. Alijifunza kwamba upepo ukivuma wadudu hunasa kwenye rangi mbichi, na kwamba Nuruddin huwatoa mmoja mmoja kwa ncha ya unyasi, akiwaomba radhi.

"Si upige picha kwa simu tu ukachore kwenu, kwenye kiti?" alimuuliza siku moja.

"Simu inapiga halafu inaondoka. Mimi nakaa. Nikikaa, mahali pananizoea. Jana kwale alipita na vifaranga wake katikati ya miguu yangu, kama mimi ni mti."

"Na faida yake?"

"Ndiyo hiyo." Alicheka mwenyewe. "Baba yangu naye huwa anasubiri nimalizie sentensi."

Zipora hakucheka. Aliielewa. Tangu kijana huyu afike, alikuwa anaamka na kukuta dunia ya nyumbani kwao ni kubwa kuliko ilivyokuwa jana. Vumbi lilikuwa na rangi ya waridi asubuhi. Migongo ya ng'ombe ilikuwa na kijani cha majani yaliyo juu yao. Vitu hivyo vilikuwepo siku zote, na hakuna mtu aliyekuwa amemwambia atazame.

Alasiri moja alikuja amejitanda kanga ya njano. Nuruddin aliweka brashi chini.

"Zipora, mwombe mzee ukakae kule chini ya jiwe. Kidogo tu."

Baba yake alikubali, kwa sharti kwamba apite palipoliwa na mchwa, pasipo na nyasi. Alikaa chini ya jiwe, mikono mapajani, naye Nuruddin alimtazama kwa mbali mpaka mwanga ukawa mzito kama samli. Aliporudi kuangalia, alikuta doa moja, dogo kama punje ya mtama, la njano.

"Hapo ni mimi?"

"Ni wewe."

"Sina hata uso."

"Kwa mbali huna uso," Nuruddin alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Lakini jicho likiingia kwenye picha, linakwenda kwako kwanza. Nimejaribu kulizuia, halikubali."

Hawakushikana hata mikono. Walisimama tu, bega moja likiwa karibu na jingine, wakitazama doa lile, mpaka mama yake akaita kutoka nyumbani.

Wiki ile Ndaki alimwita binti yake. Alikuwa mzee wa kanisa, na maneno aliyoyasema yalimtoka kwa shida. "Yule kijana anaswali pale lambo. Nimemwona. Ana adabu, lakini anaswali kule, sisi tunasali huku. Mwambie alete wajomba zake. Sijasema ndiyo. Nimesema nitasikiliza."

Zipora alikwenda nyuma ya zizi akalia kwa furaha, ng'ombe wakimtazama.

*

Rangi ya mafuta haikauki upesi, na picha mbichi haipandi bodaboda. Kwa hiyo Nuruddin aliiacha ikauke sebuleni kwa Ndaki, imeegemezwa ukutani. Hapo ndipo Mageni alipoikuta.

Mageni alimiliki maduara kule Nyarugusu, mashimo marefu wanamoshuka vijana kutafuta mwamba wenye dhahabu. Alikuja kununua mbuzi. Alipoingia kunywa maji, akamkuta Nuruddin na mzee wamekaa, na picha mbele yao.

"Wewe nakujua," Mageni alisema. "Ulisimama siku nzima kule kwenye shamba la mihogo na hiyo mbao yako. Ulipoondoka tu, watu wakapata mwamba wa dhahabu palepale."

"Nilikuwa nachora mihogo, kaka."

"Mihogo." Mageni alichuchumaa mbele ya picha. Aliichunguza kama anavyochunguza jiwe lililotoka shimoni, mpaka kidole chake kikasimama. "Na hii njano hapa chini ya jiwe? Kwingine kote nyasi ni za kawaida. Hapa tu ndipo umeweka hii. Ni nini?"

Nuruddin alimtazama mzee Ndaki. Angewezaje kusema, mbele ya baba mtu, wajomba hawajafika, kwamba ile ni binti yako, ndiye ninayemtazama mchana kutwa? Aliinamisha macho. Uso ukamwiva.

Mageni alikuwa ameishi maisha yake yote kwa kuwasoma watu wanaoficha. Aliinuka, akasahau mbuzi, akaondoka.

Kesho yake walikuja watu wanne na sululu. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwahesabu. Rashi, zile mbio za dhahabu, ikaingia kwenye ngitili ya Ndaki, na watu wakaja na matandiko, masufuria, mama ntilie na spika za muziki. Mwenyekiti wa kijiji alisema atapeleka taarifa. Nyasi zilizopona kukanyagwa zilikatwa zikawa magodoro. Shimo la kwanza, refu kuliko yote, lilichimbwa chini ya jiwe, pale Zipora alipokaa.

Nuruddin alijaribu. Aliileta picha mbele yao, akachukua kisu chake cha rangi, na kwa kuwa rangi ilikuwa bado mbichi, akalikwangua doa la njano mbele ya macho ya wote. Zipora alikuwepo. Alijiona akitoka kwenye picha na kubaki uchafu kwenye ubapa wa kisu.

"Mnaona? Ni rangi tu. Hapa hamna kitu."

Mageni alitabasamu kwa upole kabisa. "Sasa ndiyo nimeamini," alisema. "Mtu hafuti kisichokuwepo." Akawaambia vijana wake waongeze kina.

*

"Nilisema nitasikiliza," Mzee Ndaki alisema. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, mgongo akiupa upande wa ngitili. "Sasa niwasikilize wajomba zako waniambie nini?"

Nuruddin alisimama mbele yake, kofia mkononi. "Sina la kujitetea, mzee."

"Najua hukukusudia. Ingekuwa umekusudia, ingekuwa rahisi kwangu." Mzee alitazama mikono yake. "Ndama wataanza kuanguka kabla ya mvua. Nitauza wengine kwa bei ya kuchinja. Nikikuona wewe unapita hapa mlangoni, unaitwa mkwe, nitakuwa naona nini?"

Zipora alikuwa mlangoni. "Baba."

"Nimemaliza, mwanangu."

Nuruddin alikuwa na neno moja zaidi. Asubuhi ile, alisema, alitega ile miguu ya mbao kando ya njia, nje ya ngitili, ili afunge tu sanduku. Vijana waliacha mashimo yao, wakaja kusimama nyuma yake. Wengine walikuwa tayari wanapima ardhi kwa hatua.

"Kwa hiyo naweza kuwatoa, mzee. Nikibeba vitu vyangu nikaondoka, watanifuata. Kule mbele, njia ya kuelekea Ushirombo, kuna mashimo ya zamani yaliyokwisha kuchimbwa na kuachwa. Hapana malisho ya mtu. Nitasimama huko."

Ndaki aliuliza bila kuinua macho. "Na watakaposhindwa huko?"

"Nitasogea mbele. Nitaendelea kusogea."

"Nyasi zangu haziwezi kuota tena mwaka huu."

"Najua. Lakini mizizi bado ipo. Wakiondoka sasa, mvua itaikuta. Wakikaa mwezi mwingine watakuwa wamegeuza udongo wote."

Mzee aliinua macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa haki, na haki yake ndiyo iliyomuumiza. "Fanya hivyo," alisema. "Muage Zipora. Mlango ukiwa wazi."

Walikaa sebuleni, picha ikiwa katikati yao, na kovu lake la kijivu chini ya jiwe.

"Utarudi lini?" Zipora aliuliza.

"Nikirudi, nitarudi nao."

"Uje bila sanduku. Uje usiku."

"Wameshaujua uso wangu. Jana nimenunua sabuni dukani, mtu akauliza naenda kuosha mchanga wa wapi."

"Basi nitakuja mimi Shinyanga."

Kabla Nuruddin hajajibu, Zipora alijijibu mwenyewe. "Siwezi," alisema. "Siwezi kuolewa na mtu ambaye baba yangu akimwona, anawaona ng'ombe wake wakianguka. Ningekuwa nakupikia huku nawaza zizi. Ungenipenda, na mimi ningekuwa nakuonea haya."

"Najua, Zipora."

"Usiseme unajua. Nikatalie hata kidogo."

"Ningekukatalia kama ungekuwa umekosea."

Alilia bila sauti, maana mlango ulikuwa wazi. Nuruddin alitoa kitambaa chake, akakiona kimejaa rangi, akakirudisha mfukoni. Zipora alicheka katikati ya machozi, na kicheko kile kilimuumiza kuliko kulia.

"Rudisha lile doa," alisema. "Kabla hujaenda."

"Sijui kuchora kwa kukumbuka. Nachora kilicho mbele yangu. Nikikurudisha hapo sasa, itabidi nichore na shimo." Aliisogeza picha kwake. "Nakuachia. Kila asubuhi uitoe kwenye mwanga. Ikikaa gizani mafuta yake yanabadilika, kivuli kinapoteza zambarau yake."

"Nitaitoa."

"Na mimi unataka nikuahidi nini?"

Zipora alifikiri. Kupitia dirishani alimwona Mageni amekaa juu ya lundo la udongo, anavuta sigara, anaitazama nyumba.

"Usigeuke," alisema.

"Nini?"

"Kesho ukiondoka. Yule mtu hatazami miguu yako, anatazama macho. Uligeuza macho mara moja tu na ngitili ikaisha. Ukigeuka kuangalia huku, atajua umeacha kitu nyuma, na hawatakufuata."

"Nitakuwa nimeacha kitu nyuma."

"Ndiyo maana nakuambia usigeuke."

Nuruddin alimtazama kama alivyolitazama jiwe siku ya kwanza, bila haraka, sehemu kwa sehemu, paji la uso, kidevu, ule upinde mdogo wa mdomo. Alikuwa anajaza kibaba cha mwisho. "Nakuahidi," alisema. Aliondoka bila kumgusa.

*

Asubuhi Zipora aliitoa picha, akaiegemeza kwenye ukuta wa ghala, upande unaopata mwanga. Alikuwa bado ameishika alipoiona ile miguu mitatu ya mbao ikipanda njia ya magharibi.

Nuruddin alitembea katikati ya njia, sanduku mkononi, kofia kichwani. Mwanzo alikuwa peke yake. Kisha mtu mmoja alitoka shimoni akaita mwenzake. Halafu watano. Halafu sufuria zikaanza kugongana, turubai zikaanza kufungwa, na ngitili yote ikainuka na kumfuata, sululu mabegani. Mageni alikuwa wa mwisho kuondoka. Alitembea pembeni, akimpita huyu na yule, mpaka akafika hatua chache nyuma ya Nuruddin, mahali ambapo angeweza kuona kichwa chake kikisogea hata kidogo.

Kulikuwa na mahali pamoja juu ya mwinuko ambapo njia inakata kona. Kila siku ya zile siku nzuri, bodaboda ilipofika hapo, Nuruddin aligeuka akapunga kofia, na Zipora akapunga ndoo. Baada ya kona ile mtu haonekani tena.

Zipora alijua yeye ndiye aliyeomba ahadi. Aliziba mdomo kwa kanga. Ila Nuruddin alipofika kwenye kona, kanga ikaanguka, na jina likamtoka kabla hajalizuia.

"Nuruddin."

Haikuwa kelele kubwa. Lakini asubuhi ile ilikuwa kimya, na upepo ulikuwa unaelekea kule. Mageni aligeuka papo hapo. Watu wa mbele walisimama. Nuruddin naye alisimama.

Aliinama. Aliweka sanduku chini, akafunga kamba ya kiatu chake, taratibu, akaifungua, akaifunga tena. Miguu ya mbao ilitetemeka mgongoni mwake. Mageni aliitazama nyumba ya Ndaki kwa muda mrefu, akamtazama msichana aliye kando ya ghala, kisha akautazama ule mgongo ulioinama. Nuruddin aliinuka, akachukua sanduku, akapita kona. Mageni akaufuata mgongo.

Vumbi la watu lilibaki juu ya njia, la rangi ya waridi.

Zipora hakumsikia baba yake akija. Mzee alikuwa amesimama nyuma yake, fimbo mkononi, na hakuna aliyejua amesimama hapo tangu saa ngapi. Aliitazama njia tupu. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu mashimo yaanze kuchimbwa, aliinama akaitazama picha, nyasi zake zikiwa bado zimesimama mpaka kifuani.

"Hakugeuka," alisema.

"Aliniahidi, baba."